Jibu la Faida Mbele ya Liwali

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu. Ni ile niliyokaa mbele ya mashine ya kupiga chapa, mchana kweupe, na kwa vidole vyangu hivi hivi nikamfuta mama mzazi wa bibi yangu.

Nakueleza haya kwa sababu ya simu uliyonipigia juzi. Umeanza kufuatilia habari za ukoo wetu kwenye wasia na majalada ya mahakama ya zama za wakoloni, nami nimefurahi mno, maana mjukuu anayehangaika na karatasi kuukuu ni wangu kabisa. Lakini ulipofika kwenye neno "mjakazi" ukashusha sauti, ukaniuliza kama ni lazima liingie kwenye kitabu cha ukoo. Sauti ile niliijua. Nami niliwahi kuwa nayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mpiga chapa wa mahakama hapa Kigoma, msichana wa kwanza wa nyumba yetu ya Ujiji kupokea mshahara kwa ajili ya kusoma na kuandika. Nilijiona, sikufichi. Nilikuwa na viatu vya kisigino na mchumba wa Katubuka, kijana wa familia iliyoweza kuwataja mababu zake mpaka ng'ambo ya bahari. Washenga wao walipoleta habari kwamba wazee wanakuja, walisema watakuja na karatasi za ukoo wao. Baba yangu mkubwa Rashidi, mtu asiyekubali kupitwa, akajibu kwamba hata sisi tunazo: nyumba yetu ilitolewa hukumu na liwali mwenyewe, enzi za Mwingereza. Akanituma nikachukue nakala.

Jalada nililipata siku ya tatu, limetafunwa na mende pembeni. Ndani mlikuwa na wasia wa mfanyabiashara mmoja wa pembe za ndovu aliyefia Ujiji. Uliagiza kwamba nyumba yake ya udongo, iliyo kwenye njia ya kushukia ziwani, apewe Faida, mjakazi wake, naye awe huru. Huyo Faida ndiye aliyemzaa Bibi Mwavita, na Bibi Mwavita akamzaa baba yangu. Warithi walikataa kumpa nyumba, akaenda kushtaki. Liwali alimwuliza jina na ukoo, na karani akaandika jibu lake: "Naitwa Faida. Ukoo wangu siujui. Nilitekwa Manyema nikiwa mdogo, nikavushwa ziwa, nikauzwa hapa Ujiji. Mimi ndiye mjakazi wa marehemu."

Nyumbani tuliambiwa tu kwamba sisi ni watu wa Ujiji tangu zamani, na mimi sikuwahi kuuliza zaidi. Nikamwaza mchumba wangu, nikawaza mama yake atakavyonitazama. Basi nikapiga chapa: "Naitwa Faida, mwenyeji wa Ujiji." Kwenye wasia nako nikaacha jina peke yake. Chini nikaandika "Nakala halisi", nikagonga muhuri wa ofisi. Leo hii nikiyataja maneno hayo mawili bado naona haya.

Wageni walikuja Ijumaa baada ya sala. Wakala, wakasifu samaki wetu wa migebuka, wakasoma karatasi zao. Baba mkubwa naye akavaa miwani, akasoma yetu kwa sauti ya mtu aliyeko juu ya mimbari. Bibi Mwavita, ambaye hakujua hata herufi moja, alikuwa ameketi mkekani anasikiliza.

"Rashidi," akamwita mwanawe, "rudia pale mama anapoulizwa jina."

Baba mkubwa akarudia. Bibi akatikisa kichwa.

"Hakusema hivyo. Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nimeshika upindo wa kaniki yake."

Akalitoa jibu lote, taratibu, na halikupishana na jalada hata kidogo. Manyema, kutekwa, kuvushwa ziwa, kuuzwa, vyote akavitaja mbele ya wakwe. Mzee wa Katubuka akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu, "Tumesikia, bibi. Tutarudi."

Hawakurudi.

Mwanangu, nilimchukia. Siku nne nzima sikumwamkia bibi yangu, na katika nyumba yetu hilo halikuwa jambo dogo. Siku ya tano akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani bila kuombwa.

"Unadhani warithi walimkataa mama kwa sababu gani?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Wasia uliandika Faida mjakazi. Miaka ile Mwingereza alikuwa ameshapiga marufuku utumwa, na kila aliyetoka kwenye utumwa alikuwa analificha hilo. Warithi wakamwambia liwali kwamba Faida wa kwenye wasia hawamwoni hapa, huyu ni mwanamke mwingine tu wa mjini. Walijua uwanja umejaa majirani. Walitegemea aibu, kwamba hatasimama mbele ya watu wote aseme mjakazi ndiye mimi. Akasimama, akasema. Nyumba akapewa kwa neno hilo hilo. Wale walishindwa kumfanya alimeze. Wewe kitukuu chake umemmezesha, tena bila kuombwa."

Nililia, na safari hii sikuwa namlilia mchumba.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa masjala, nikamwambia nilichofanya. Alinigombeza mpaka ofisi ya pili wakasikia, akaichana nakala yangu ya uongo, akanisimamia nikapiga nyingine, neno kwa neno. Nilipofika kwenye jibu la Faida nililipiga polepole. Sijawahi kuona fahari kama ile katika kazi yangu, na nilifanya kazi mpaka nikastaafu.

Mwaka uliofuata akaja babu yako, Muha wa Kalinzi aliyekuwa akileta kahawa mjini. Kabla hajapewa hata chai nilimpa karatasi asome. Alisoma mara mbili, kisha akauliza, "Nyumba yenyewe ndiyo hii?" Nikamwambia ndiyo hii. Akasimama. "Basi nionyeshe mlango alioingilia siku aliyoshinda." Sasa mtu wa namna hiyo ungemwacha aende zake?

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukifungua majalada ya wakubwa wa zamani utakuta watu wetu wameandikwa kwa majina ambayo hawakujichagulia. Usiwasaidie kwa kuwafuta. Andika Manyema, andika kuuzwa, andika mjakazi, na mara baada ya hapo andika kwamba alishtaki akashinda. Ukiliondoa la kwanza, msomaji hatajua la pili lilihitaji moyo kiasi gani. Na anayetaka kuoa au kuolewa katika nyumba hii, mpe asome mapema. Atakayeondoka, msindikize kwa heshima.

Mungu akupe macho ya kusoma yaliyofifia na mkono usiotetemeka unapoandika. Akujalie wajukuu watakaolitaja jina la Faida kwa sauti kubwa, sebuleni, wageni wakiwepo.