Swali Nililomuuliza Shangazi Tunu

Harufu ya sweta la sufu lililolowa ukungu hunirudisha darasa la saba hata leo, mtu mzima mwenye nyumba yangu. Julai ile ilikuwa baridi kweli kweli huku kwetu milimani, juu ya Lushoto. Tuliingia ukumbini tumelowa, tukajibana kwenye mabenchi, na harufu ya sufu, chaki na moshi wa jikoni ulioganda kwenye nguo ikajaa kila kona. Wenzangu walitulia. Mimi kutulia sikujui. Nilitikisa miguu, nikatafuna kola, nikatoka nje mara tatu kwenda kukojoa mkojo ambao haukuwepo. Bibi yangu, aliyenilea, alizoea kuniuliza kama nimelalia upupu.

Siku ile nilikuwa na sababu. Mwalimu Mbwana, mwalimu wetu wa Kiswahili, alikuwa ameanzisha mdahalo wa mmoja kwa mmoja, na mshindi mmoja tu ndiye angeiwakilisha shule Muheza. Wengine waliitaka safari. Mimi nilimtaka mama. Alikuwa ameachana na baba akateremka Muheza kuuza machungwa sokoni, na mwaka mzima sikuwa nimemwona. Nyumbani kwa bibi jina lake halikutajwa, na kijijini walisema anataabika huko, anajuta. Lile sweta ni yeye aliyenitumia kwa dereva wa lori la mboga, pamoja na viatu na madaftari, lakini bibi alituambia tusiseme limetoka wapi. Nilitaka kwenda kumwona kwa macho yangu, basi.

Kanuni zilikuwa tano, zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Dakika tatu kwa kila mzungumzaji. Kishambaa kinabaki mlangoni. Hakuna kumkatiza mwenzako. Wapinzani ni sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Mwisho kila mmoja anamuuliza mwenzake swali moja, na atakayeshindwa kujibu ndani ya nusu dakika amepoteza mdahalo. Hiyo ya nne ndiyo iliyonitoa jasho, maana fainali nilipangiwa Tunu. Tunu nilimzidi miezi minne, lakini alikuwa kitindamimba wa bibi, dada yake baba, kwa hiyo shangazi yangu kamili. Tulilala chumba kimoja, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sura ya mtu mwenye wajukuu.

Mada ilisema maisha ya bondeni ni bora kuliko ya mlimani. Tunu aliitetea, mimi niliipinga. Mwalimu akatuagiza tupeane mikono na kuitana wapinzani. Nikamsogelea, magoti yakakunjika yenyewe, nikasema, "Shikamoo shangazi." Naye, loo, akaitikia, "Marahaba." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Dakika zangu tatu ziliharibika hivyo hivyo. Kila nilipotaka kusema mpinzani amekosea, nilisema shangazi amesahau kidogo, na waamuzi wakaandika huku wakitikisa vichwa.

Kabla ya maswali tulipewa mapumziko mafupi. Tunu akanivuta nyuma ya ukumbi, kwenye kuni za shule.

"Nani mkubwa, mimi au wewe?"

"Wewe, shangazi."

"Basi nakutuma. Rudi ndani unipinge kama adui. Hata mimi naitaka Muheza, lakini sitaki kushinda kwa shikamoo zako."

Nilirudi nimewaka. Swali lake lilikuwa gumu, nikalijibu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Zamu yangu ilipofika sikukaa hata kufikiri, nikaropoka: "Mpinzani wangu anitajie mtu mmoja tu wa kijiji hiki aliyehamia bondeni akapata maisha bora kuliko aliyoyaacha huku." Ukumbi ukapiga makofi. Tunu akafungua mdomo. Macho yake yakashuka kwenye sweta langu, yakakaa pale, yakapanda tena usoni kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa nimeuliza nini. Mzigo ule wa Muheza tuliufungua wote wawili, sakafuni, chumbani kwetu. Alilijua jibu. Angelitaja, shule nzima ingegeuka kunitazama, na mimi ningelia pale pale mbele ya watu. Mwalimu alihesabu nusu dakika kwa saa yake ya mkononi. Tunu akafunga mdomo, akakaa.

Muheza niliondolewa raundi ya kwanza na sikujali hata kidogo. Mama alikuja kunichukua, amenenepa, anacheka, amevaa kanga mpya, ana meza yake mwenyewe sokoni na mtu wa kumsaidia. Nilimkumbatia huku nikimwonea Tunu haya. Yeye bonde alikuja kuliona mara ya kwanza alipoolewa.

Sasa mimi ni mwalimu na midahalo naisimamia mwenyewe, nikizunguka ukumbini kwa sababu kiti bado kinanichoma. Watoto wa siku hizi wanajua kusema, jamani! Hawakunji goti kwa mpinzani, na wenzao wanawarekodi kwa simu. Lakini nimewasikia wakichomoa baba wa mtu, deni la mtu, ugonjwa wa mtu, ili wapate makofi. Kwenye manila yangu nimeongeza kanuni ya sita: ya nyumbani kwa mwenzako usiyalete hapa. Wananiuliza nimeitoa wapi. Nawaambia shangazi yangu aliifuata kabla haijaandikwa.

Desemba iliyopita nilimkuta Tunu shambani kwake akivuna kabichi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini siku ile hakujibu, wakati Muheza aliitaka kama mimi. Hakuacha hata kukata kabichi.

"Ningekujibuje?" akasema. "Wewe ulikuwa bado mtoto."