Mguu Mmoja au Yote Miwili?

Nilikuwa kwenye duka la dawa Ruangwa mwanamke wa kutoka Malolo alipoomba dawa ya kuchua. Mama mkwe wake, mgonjwa wa saratani, alikuwa amevimba mguu.

"Mmoja au yote miwili?" muuzaji akauliza.

"Mmoja. Una moto, unamuuma."

Muuzaji akairudisha chupa ya dawa rafuni. "Msiuchue, dada. Wenye saratani damu yao huganda kwa urahisi. Bonge la damu likifika kwenye mapafu linaua. Mpelekeni hospitali leo hii."

Mwanamke akapiga simu nyumbani palepale: "Acheni kumkanda bibi!"

Juzi nilikutana na mwanamke huyo sokoni, akanisimulia. Kipimo kilionyesha bonge kweli. Bibi anachomwa sindano za kuzuia damu isigande, na uvimbe unapungua. Siku hizi mwanamke huyo akimsalimia mgonjwa wa saratani, anamtazama miguu kwanza. Si adabu sana, lakini nami nimeanza.