Ng'ombe wa Mahari Waliotoa Povu

Mjukuu wangu, Jumamosi unaoa, hebu keti kwanza. Nakumbuka kama jana siku ng'ombe wa mahari yangu walipotoa povu mbele ya wazee, pale kijijini Kerende.

Enzi hizo dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imewapanda vijana kichwani. Marwa, babu yako, alikuwa akiosha mchanga kwenye karai, akitia sabuni ya unga kidogo ili vumbi la dhahabu lisielee likapotea na maji. Ilimsaidia kweli, basi akaona sabuni ni dawa ya kila kitu. Ng'ombe aliowapata kunioa walikuwa na kupe, na baba yangu alishasema hapokei ng'ombe mwenye kupe. Marwa akachanganya dawa ya kupe na sabuni, tena sabuni ya kumwaga, akawaogesha. Kupe wafe, ng'ombe wang'ae, yote kwa mara moja. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye mapenzi utamwambia nini?

Wazee walipoanza kukagua, mvua ikanyesha. Povu likachuruzika kutoka mgongoni hadi kwatoni. Kupe walikuwa wazima, tena wasafi.

"Kijana," baba akauliza, "umekuja kuoa au kufua?"

"Kuoa, tata," akajibu, kama tunavyomwita baba kwetu.

"Basi rudi nao hawa. Hapa hakuna harusi."

Shangazi zangu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nililia, maana nilimpenda yule mjinga.

Marwa alikunja mikono ya shati lake jipya, akapiga magoti topeni, akaanza kung'oa kupe kwa vidole, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Baba alimtazama weee, mwisho akavua koti, akainama upande wa pili.

"Mikono anayo," alisema. "Akili tutamwongezea."

Dada yako anayefundisha kemia ndiye aliyenifumbulia. Anasema dawa kama ile ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na sabuni hivyo hivyo. Zikikutana majini zinajikusanya pamoja kuwa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na dawa inajifungia humo ndani. Kupe wanabaki kuoga tu.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, usichanganye vitu viwili kwa kuwa kila kimoja ni kizuri; uliza kwanza vikikutana vitafanya nini. Wewe ni mzuri, na mkeo ni mzuri. Kumbatianeni, lakini msijifungie humo mkasahau ng'ombe wana kupe. Nenda, Mungu alijaze boma lenu, na ukikosea, akupe mkwe wa kuvua koti.