Motopompe na Daraja la Kichinjio

Siku ya kwanza Mukuna alipoingia katika salon ya michezo ya Mama Hawa, hakuuliza bei ya kucheza. Aliuliza zawadi.

"Mama, banasema mwenye kumaliza ile jeu utamupa kitu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Simu mpya, ingali mu karton yake."

"Simu mi niko nayo." Aliinama, akachungulia pampu ya maji iliyolala chini ya meza, nyuma ya madumu ya mafuta. "Weka ile motopompe."

Hawa akamtazama vizuri. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mabega ya kuchimba, kijani cha malakiti, jiwe la shaba, kimeganda chini ya kucha, amesimama katikati ya vijana wa pikipiki, na hajashika hata manette ya kuchezea. Kabla hajafungua salon hii, Hawa alinunua madini miaka mingi kwenye midomo ya mashimo upande wa Tenke, na huko alijifunza kupenda aina moja ya muuzaji: yule asiyeweza kuficha shida yake. Huyu alikuwa ameitoa nje na kuiweka mezani.

"Cheza kwanza nikuone, tata," alisema. "Motopompe tutaiongea nyuma."

Mchezo wenyewe vijana waliubatiza Kichinjio. Kaaskari kafupi, kichwa kikubwa kuliko tumbo, kanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia na bunduki iliyokazidi urefu. Mbele yake wanatoka wachinjaji wanene wenye aproni, kuku waliofungwa mabomu shingoni, nguruwe juu ya pikipiki. Ukimpiga mmoja, hafi kistaarabu: kichwa kinaruka kama mfuniko wa chungu kinachochemka, damu inamwagika kama sosi ya nyanya, macho mawili yanabaki hewani kidogo yakishangaa, ndipo yanadondoka. Watu hucheka hadi kushika mbavu. Kisha karisasi kamoja, kadogo kama punje ya mtama, kanakugusa wewe, nawe unakufa namna ile ile, na watu wanacheka zaidi. Maisha yakikuishia unaanza upya mwanzo kabisa. Mchezo haukumbuki ulifika wapi. Na picha haikungoji: inasogea yenyewe, ukingo wa kushoto unakusukuma mgongoni, ukizubaa unasagwa.

Mukuna alisagwa upesi. Kila alipopiga hatua chache alimgeuza askari wake aangalie alikotoka, na kwa kitambo hicho kifupi kuku mmoja alimlipua.

"Tata, unatafuta nini kule nyuma?" Polycarpe alipiga kelele. Huyu alikuwa mbeba watu kwa pikipiki, na ndiye aliyekuwa fundi wa Kichinjio kuliko wote. "Nyuma kulishafungwa! Uliangusha makuta ya mfuko?"

Salon nzima ikacheka. Hawa hakucheka, alikuwa anapima. Tabia hiyo aliijua. Ndani ya shimo, mchimbaji hapigi mfululizo. Anapiga, anageuza kichwa kuona kama mwanga wa mlango bado upo, anapiga tena. Na akisikia mwenzake ameita "Nyuma!", hageuki kwa kufikiri; mwili unageuka wenyewe, maana wito huo una maana moja tu, kwamba udongo unashuka. Mtu aliyeishi hivyo tangu ujana hataiacha tabia yake mlangoni kama viatu. Na Kichinjio kinaua kila anayegeuka.

"Bon," alisema. "Motopompe. Lakini mu kikao kimoja, mbele ya batu, na yale maisha mashine inakupa, hakuna ya kuongeza. Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya tano. Ya posho haitanisaidia tena."

Akaeleza, bila kuulizwa mara mbili. Kikundi chake kilikuwa na shimo upande wa Kingamyambo. Mvua ililijaza. Na desturi ya chimbo ni hii: shimo lililolala bila mlio wa kazi, siku ya posho, ile Jumamosi inayofuata siku ya tano, président wa chimbo analiita lisilo na mwenyewe, na kikundi kingine kinaingia. Jasho la msimu mzima, nguzo walizosimamisha wenyewe, vyote vinapita mikononi mwa wengine. Wa kuwakodishia pampu hakumpata; kila mwenye nayo alikuwa na shimo lake lenye maji.

Hawa akampa mkono. Zawadi yake alikuwa ameilinda kwa kufuli la siri. Polycarpe alikuwa amekwisha kufika kwenye daraja la mwisho wa mchezo, si mara moja, na kila mara kichwa cha askari wake kiliruka ghafla, na hapana aliyeona risasi ilitoka wapi. Vijana walisema mashine ina ugonjwa. Kama ni ugonjwa, Hawa hakuwa na haraka ya kuutibu.

Mukuna alikuja kila alasiri. Alikaa juu ya kreti, manette ikapotea ndani ya viganja vyake, akafa, akafa tena. Hakulaani. Polycarpe alipokufa aliita mashine mwizi na mama yake mashine pia. Mukuna alikohoa tu, akaanza upya. Na alikuwa anasonga. Ile tabia ya kugeuka haikumtoka, ila aliifupisha: sasa askari wake aliruka juu, akageukia hewani, akatua akiangalia mbele.

"Lakini ile jeu inakupendeza nini?" Hawa alimuuliza alipomletea maji. Aliuliza kama mwenye duka anayetaka kujua kwa nini bidhaa fulani inatoka. "Inakuuwa tu."

"Inaniuwa pa mahali pale pale, Mama. Nguruwe wa jana njo ule ule wa leo. Nikikufa, ni miye nilisahau. Udongo hauna vile. Udongo leo unakuacha, kesho unakulala juu, na hakuna kitu ulikosea." Akakwangua pua kwa mgongo wa mkono. "Na tena, bile bichwa binaruka. Inachekesha."

Hawa alirudi kwenye kiti chake na hofu ya kwanza. Mtu anayecheka huku akijifunza ni mteja wa hatari.

Siku ya tano salon ilijaa mpaka dirishani. Habari ya motopompe ilikuwa imezunguka soko lote. Mukuna alipita machinjio, akapita shamba la kuku, akapita nguruwe wa pikipiki na maisha kadhaa mkononi. Kwenye ngazi za kiwanda akapoteza moja. Kwenye mitambo ya kusaga nyama akapoteza nyingine, kisha nyingine. Alipokanyaga daraja alikuwa amebaki na yale ya mwisho.

Hapakuwa na anayecheka tena. Polycarpe alikuwa anauma kola ya shati lake.

Swichi kubwa ya umeme ilikuwa ukutani, karibu na bega la Hawa. Katika mtaa ule umeme ulikatika kila mara, nani angeshangaa? Mkono ulipanda wenyewe. Kisha akafanya hesabu yake. Madirisha ya majirani yalikuwa na redio, na redio zilikuwa zinaimba. Umeme ukikatika kwake peke yake, kabla ya jua kuchwa mji mzima utajua kwamba kwa Mama Hawa watu hawashindwi, wanaibiwa. Motopompe inanunuliwa nyingine. Salon iliyonuka wizi hainunuliki. Akaushusha mkono.

Alibaki na mdomo.

"Mukuna," alisema kwa sauti ya chini, akisogeza kiti. "Acha hapo. Nakukodishia motopompe, tunagawana kitatoka mu shimo. Wote tunapata."

Mukuna alikaza macho darajani. Dole gumba lake lilikuwa linacheza juu ya manette, askari anaruka, maiti za wachinjaji zinapangana darajani nyuma yake.

"Ukikufa sasa unarudi mikono mitupu. Kesho shimo ni ya bengine. Fikiri, tata."

"Mama, muache!" Polycarpe alinong'ona.

Katikati ya daraja palikuwa panakaribia, pale pale kichwa cha Polycarpe kiliporuka siku zote. Hawa hakutaka kutegemea ugonjwa wa mashine peke yake. Alivuta pumzi, akapiga ule wito wa mashimoni kwa sauti yote ya kifua chake:

"Mukuna, nyuma!"

Alitaka ageuze kichwa mlangoni, hata kwa kupepesa kope mara moja tu. Watu wengine wote waligeuka. Mukuna pia aligeuka, mwili haukumwomba ruhusa. Lakini mwili wake wakati ule haukuwa juu ya kreti, ulikuwa darajani. Kilichogeuka ni dole gumba. Kaaskari kakazunguka, kakatazama kushoto.

Na pale, kati ya maiti alizokwisha kuzipita, mchinjaji mmoja alikuwa amesimama. Kichwa chake amekibana kwapani, kichwa kinatabasamu, na mkono wa pili umeinua bastola. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Ni kwamba watu wote walikimbilia mbele, kama walivyofundishwa, na karisasi kakawapata kisogoni.

Mukuna alifyatua. Kichwa kikachomoka kwapani, kikaruka, kikagonga ukingo wa juu wa televisheni, kikadunda mara ya pili kwa hasira. Salon ikalipuka. Kilichobaki kilikuwa mlango na nguruwe mmoja mzee, naye Mukuna alimmaliza, mchezo ukaisha.

Mukuna aliweka manette juu ya kreti, akasimama. Akamgeukia Hawa.

"Mama, ile wito, usiitumie tena kwa muchezo."

"Nimesikia," Hawa alisema. Hakuomba radhi, naye Mukuna hakudai. Aliivuta motopompe kutoka chini ya meza kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu wote, akaongeza na bomba lake. Ukilipa, lipa wakuone.

Jioni ile ile mlio wa injini ulisikika kwenye shimo, na siku ya posho hapana aliyeligusa. Maji yalitoka. Madini yaliyokuwa chini yalikuwa kidogo, karibu ya kuchekesha, na kikundi kilitawanyika kabla ya kiangazi. Lakini motopompe ilibaki kwa Mukuna, na mashimo ya wengine yalikuwa bado na maji. Sasa anaizungusha kwa pikipiki ya Polycarpe, anakaa juu kwenye mwanga, anakodisha. Chini haingii tena. Kwenye Kichinjio alirudi mara moja, akafa kwa kuku wa kwanza, akacheka, akamwachia mwingine manette.

Hawa alipoteza pampu na kufuli lake. Kwa majuma machache watu walimiminika kuja kumwona mchinjaji wa daraja. Kisha kila kijana akajua kugeuka, na hapana anayelipa kushindana na kitu kilichokwisha kushindwa. Kabla hawajaisha wote, aliiuza mashine kwa mfanyabiashara wa Tenke aliyekuwa amesikia habari za zawadi tu.

"Na ni nguvu kabisa, ile jeu?" mnunuzi alimuuliza.

"Huku kwetu," Hawa alijibu, akimfungia mashine ndani ya karton, "aliishinda mutu mumoja tu bila kufundishwa."

Habari ya daraja hakumwambia. Ilipofika mvua iliyofuata, maji yaliingia mpaka chini ya meza yake, akatuma watu kumwita Mukuna na pampu. Hawa alijaribu kukata bei tangu mlangoni, akimwita mgongoni. Mukuna alitandaza bomba, akawasha injini, na safari hii hakugeuka.