Kabati Lisilopita Mlangoni

Sisi tuliokulia Ifakara kabla simu hazijaingia mifukoni, tulijua mtu ana fanicha pale unapogonga nayo goti. Nyumba ya heshima ilijaa. Viti sita vya mbao, meza kubwa katikati, stuli nne za wageni wa ghafla, na kila kiti kimevalishwa kitambaa cha kufuma ambacho ukikikalia vibaya unaitwa kutoka uwanjani uje ukinyooshe. Leo mwanangu Neema, anayetengeneza fanicha za oda huko Dar es Salaam, anaingia sebuleni kwa mtu, anatoa kila kitu, anaacha benchi moja jembamba na chungu cha ua, halafu anasema eti sasa nyumba inapumua. Na watu wanamshukuru! Zamani nyumba ya namna hiyo tungeipelekea mchele na pole.

Kabati zake ndizo zinanimaliza. Anazijengea ukutani toka sakafuni mpaka darini, nyeupe pee, hazina kishikio wala tundu la ufunguo. Mara ya kwanza kulala kwake nilitafuta shuka kwa kupapasa ukuta mpaka mkwe wangu akanikuta nimekumbatia kona. Kumbe unasukuma kidogo tu, mlango unajifungua. Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananificha mashuka.

Nakumbuka kabati moja ambalo halikumficha mtu kitu. Nilikuwa darasa la tatu, na mwaka huo mpunga ulikuwa umekubali kwelikweli. Tulikuwa tumerudi mjini kutoka shambani, ambako kwa miezi tuliishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukifukuza ndege kwa madebe na makelele ambayo mtoto wa leo akiyapiga anapelekwa hospitali. Tulitafuna pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, mpaka taya zikauma. Perege mmoja wa kuchoma alinyonywa mifupa na watu watatu, na hakuna aliyeuliza kama ameoshwa. Jioni tulicheza kombolela mpaka mama aite mara ya tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza tulizihesabu kama salamu.

Mwaka huo mama akaagiza kabati la vyombo kwa Fundi Kastuli. Huyu alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye penseli sikioni siku zote. Hata komunyo alipokea nayo. Kazi zake alizifanyia kwenye kibanda chake kando ya barabara, kila mpita njia anaona. Mama akakataa.

"Kastuli, hili utalitengenezea ndani kwangu," alisema. "Macho ya watu ni mengi."

Basi kwa mwezi mzima sebule yetu ikawa karakana. Maranda yalijaa mpaka kwenye wali. Mimi na watoto wa jirani tuliyachukua yale marefu yaliyojikunja tukayafanya nywele za bandia, tukajiita mabibi harusi. Gundi ilichemshwa kwenye jiko letu la mkaa na ilinuka vibaya mno, na mdogo wangu Gaspari, aliyekuwa na miaka miwili, aliililia akidhani ni mboga. Fundi Kastuli hakugonga msumari hata mmoja. Alichonga ulimi wa ubao huu, akautia kwenye tundu la ubao ule, akapaka gundi, akagonga kwa nyundo ya mti. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba msumari ni wa wavivu.

Lilipokwisha, jamani, lilikuwa kabati! Mninga mtupu, juu vioo vya kuteleza, chini vyumba viwili vikubwa vyenye milango ya mbao. Ndani ya vioo mama akapanga vikombe vyenye maua, ambavyo vilishushwa tu akija padre. Sisi tulinywea bati. Baba alirudi kutoka shamba, akalizunguka, akatabasamu. Kisha akatazama mlango. Akalitazama tena kabati.

"Mama Theo, limependeza," alisema. "Ila siku moja tukihama, hili litatokaje?"

Mama akashika kichwa. "Yesu na Maria! Tumesahau kupima mlango!"

Fundi Kastuli akatazama maranda chini, akakuna sikio lenye penseli.

Ifakara yote ilicheka. Watu walikuja kwa kisingizio cha kuomba chumvi ili waone. Sokoni, mtu akikosea jambo la wazi aliambiwa amepima kama Mama Theo. Shuleni mimi, Theo mwenyewe, wakaniita Kabati, na jina hilo nililibeba mpaka darasa la saba pamoja na dumu la maji na fagio la chelewa. Nilipigana mara nne kwa sababu yake, nikashindwa zote. Nilimchukia mama kwa upumbavu ule, nasema ukweli. Nikirudi na kamasi na machozi, yeye alisema neno moja tu:

"Waache wacheke. Wewe kateke maji."

Nilipokuwa darasa la tano, baba alishikwa na homa Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Sina utani wa kuweka hapa. Nilimpenda baba yangu, na mpaka leo nikisikia mtu anaegesha baiskeli ukutani nageuka.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu zake walioshuka kutoka upande wa Mahenge walikaa kikao bila mama. Kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa Melkiori, alikuwa amekuja na trekta la kukodi lenye tela. Sisi watoto tulidhani ni la kubebea wageni. Kumbe ni la kubebea nyumba yetu! Vikatoka vitanda viwili, viti sita, meza, redio, baiskeli. Kwa kila kitu kilichotoka alitajwa marehemu: hiki ni cha marehemu, kile ni cha marehemu. Kinu kikatoka, nacho eti cha marehemu, ingawa katika maisha yake yote marehemu hakuwahi kugusa mchi. Mama alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akitazama.

Likabaki kabati. Baba Mkubwa alilipapasa kwa mahaba, akaamuru vikombe vishushwe. Wanaume sita wakalibeba mpaka mlangoni, likagoma.

"Lilazeni ubavu!" Wakalilaza, likagoma. "Lisimamisheni! Kichwa chini!" Wakang'oa mlango, wakang'oa na fremu yake. Mmoja akabanwa kidole, akatukana mbele ya shemasi. Wakajaribu dirishani, wakamkuta Baba Mkubwa mwenyewe amekwama kati ya kabati na ukuta, tumbo huku, miguu kule, ikabidi kwanza wamtoe yeye. Sisi watoto wenye msiba tulicheka mpaka tukapigwa kofi, tukaendelea kucheka.

Akaitwa Fundi Kastuli alifungue. Alikuja na penseli yake, akalizunguka taratibu.

"Mzee, hili halifunguki," alisema. "Halina msumari. Mkilazimisha, mtapata kuni za mninga."

"Basi vunjeni ukuta!" Baba Mkubwa akafoka.

Hapo mama akafungua kinywa kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Vunja, shemeji. Ila mvua hiyo inakuja, na leo wote mnalala humu."

Ilikuwa masika, na wanaoijua masika ya Kilombero hawahitaji kuelezwa. Watu walitazama mawingu yaliyotanda juu ya Udzungwa, wakatazama bati, wakaanza kutafuta viatu vyao. Baba Mkubwa aliapa kurudi kiangazi na nyundo. Kiangazi kilipofika, yeye na nduguze walikuwa wamegombania baiskeli ya baba mpaka hawasalimiani, na hatukumwona tena.

Usiku huo Gaspari alilala ndani ya kabati, chumba cha chini upande wa kushoto, na alilala humo mwaka mzima mpaka miguu ikatokeza. Sasa ni bosi Morogoro, ana kiti cha ofisi kinachozunguka, lakini akilala bado anakunja magoti. Mama alilisogeza dirishani kwa msaada wa majirani, vikombe vya padre hakuvirudisha, akapanga maandazi nyuma ya vile vioo. Alfajiri wanafunzi walikuwa wamejazana nje, wakiwemo wale walioniita Kabati. Maandazi yale ndiyo yaliyotusomesha, mimi na bosi.

Kwa miaka mingi nimelisimulia hili kwenye harusi na vipaimara, watu wakavunjika mbavu: jinsi mama yangu alivyosahau kupima mlango, na Mungu akageuza kosa kuwa neema. Pasaka iliyopita ndipo nilipofunga mdomo.

Neema alikuja Ifakara kumsalimia bibi yake, na kama kawaida yake akatoa futi mfukoni kabla hajamaliza shikamoo. Akapima kabati, akapima mlango, akacheka.

"Bibi, fundi wenu alichapia! Limezidi kila upande. Hakupima kabisa?"

Mama yangu sasa haoni vizuri, ila masikio yapo. "Nani kakwambia hakupima? Kastuli alipima mlango mara tatu, na dirisha akapima. Ndipo nikamwambia aongeze shibiri mbili huku na shibiri mbili kule."

Nilikuwa napeta mchele. Nikaweka ungo chini. "Mama! Kumbe ulijua?"

"Ungejua wewe, ungesema shuleni," alinijibu. "Mwaka ule dada yangu Gaudensia alifiwa na mume kule Idete. Nilikwenda nikamkuta amekalia mkeka, nyumba tupu, hata kinu wamebeba. Nikarudi, nikamwita Kastuli."

"Na baba? Alijua?"

"Baba yako alikuwa mtu mwema, Theo. Ningemwambiaje kwamba nampimia kifo?"

Niliona aibu iliyonishika mpaka shingoni. Mwanamke huyu alikubali mji mzima umwite mjinga, na mimi mwanawe nikiwa wa kwanza, ili siku moja tubaki na kitu cha kuwekea maandazi. Siku hizi tunajua kupima kila kitu kwa milimita, na vitu vyetu ni vyepesi, vyeupe, havina kona. Mimi natamani ile sebule iliyojaa, maranda kwenye wali, baba amesimama akitazama mlango huku akitabasamu.

Neema alikuwa amekaa chini, futi imejikunja mkononi. Mwaka haujaisha tangu aolewe. Kwa kutaka kumchangamsha bibi yake, akaanza kumsifia kazi zake: jinsi alivyojenga kabati za nyumbani kwake mwenyewe, ukuta hadi ukuta, zote za skrubu, hivi kwamba ukitaka kuhama unazifungua na kuzibeba zote kwa nusu saa.

"Nusu saa?" mama akauliza.

"Nusu saa tu, Bibi. Hata mtu asiye fundi anaweza."

Mama akatikisa kichwa polepole, akampapasa mjukuu wake mkononi, pale penye pete.

"Babu yako Melkiori, yule wa trekta, angekupenda sana," akamwambia.