Sauti ya mke wangu ilifutwa kwenye memory card, ikabidi niende dirishani kwa mama mkwe

Jumamosi, tarehe 9 Juni 2007, saa za mchana, nilipoteza sauti ya mke wangu katika duka la simu hapa Nairobi mjini.

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi humu ni msomaji tu. Huwa napita jukwaa la simu na vifaa, naangalia picha za simu ambazo sitazinunua, natoka. Leo naandika. Sina picha ya kuwawekea kama ushahidi, lakini hakuna nitakachoongeza ili stori inoge. Pale nilipoonekana mjinga nitapaacha hivyo hivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa rangi. Naishi Kinoo, kazi nyingi napata Kilimani kwenye yale maghorofa yanayoota kila kukicha. Shule niliachia darasa la nane. Lakini kwa gadgets, wakuu, mimi ni mgonjwa.

MP4 player nilinunua wakati hakuna aliyeweza kuniambia ile nne ni ya nini. Nilimuuliza muuzaji mwenyewe. Akasema, "Ni MP3, na moja juu." Nikaridhika, nikabeba.

Flash disk pia ninayo. Niliona vijana wa ofisi za Kilimani wakizivaa shingoni kama msalaba, nami nikavaa yangu juu ya ovaroli yenye madoa ya rangi. Kompyuta sikuwa nayo. Sina mpaka leo.

Na hizi simu mpya za Kichina zenye antena ya TV, msiniulize. Nilimwona mlinzi mmoja akitazama taarifa ya habari getini, antena imevutwa yote, amesimama kwa mguu mmoja ili picha isikatike. Tajiri alipiga honi nje mpaka akashuka, akafungua geti mwenyewe. Badala ya kumhurumia yule mlinzi, mimi nilimuuliza simu ameitoa wapi.

Mke wangu, Nekesa, alikuwa akisema nyumba yetu ina chaja nyingi kuliko vijiko. Nilihesabu siku moja ili nimshinde. Hakuwa amekosea.

Nekesa alifariki mwaka jana, baada ya kuugua. Tulimzika nyumbani, Bungoma. Hapo sitakaa sana, mtanisamehe.

Kitu chenyewe ni hiki. Alipokuwa mzima, alichoshwa na tabia yangu ya kutosikia simu ikilia kwa sababu niko busy nachezea simu nyingine. Siku moja akachukua yangu, akajirekodi akiwa jikoni, akaiweka kuwa ringtone:

"Simu hiyo! Shika simu jamani, kuna mtu anangoja!"

Halafu kifuniko cha sufuria kinaanguka. Halafu anacheka. Basi. Ni fupi kuliko tangazo la redio.

Picha zake ninazo nyingi. Sauti ilikuwa hiyo moja.

Baada ya mazishi niliiondoa kwenye mlio wa simu, kwa sababu ilinikuta juu ya ngazi nikipaka dari, nikaitika. Fundi mwenzangu alinitazama. Lakini niliiweka kwenye memory card, na nikifika nyumbani naisikiliza mara moja kabla sijawasha jiko.

Sasa turudi hiyo Jumamosi.

Nilienda town kuwekewa nyimbo. Zamani nilikuwa mtu wa CD, zile za nyimbo mia mbili kwa CD moja, ambazo themanini ni wimbo uleule umeandikwa majina tofauti. Lakini sasa kuna vibanda ambapo unatoa memory card yako, unachagua nyimbo kwenye kompyuta, unapakiwa, unaondoka.

Aliyenihudumia alikuwa dada mmoja anaitwa Wambui. Ana mkono mwepesi, mouse haionekani.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba vibanda hivi havipakii nyimbo juu ya vitu vya mteja. Kila card inayoingia inafutwa yote kwanza, kwa sababu ya virusi. Card moja chafu inaweza kulaza kompyuta, na wateja wote wa Jumamosi wakaenda kwa jirani. Ni utaratibu wao, kila mteja wa siku zote anaujua na anahamisha vitu vyake mapema. Mimi wa CD ningeujulia wapi?

Nikarudishiwa card imejaa nyimbo. Nikafungua folda ya sauti pale pale kaunta.

Haikuwepo.

"Madam, kuna kitu yangu ilikuwa hapa."

"Vitu za zamani tunatoa zote, boss. Ilikuwa ngoma gani? Nitakuwekea tena."

"Si ngoma. Ni bibi yangu."

Alianza kucheka, kisha akanitazama, akaacha. "Na yeye ako wapi?"

"Alikufa."

Wakuu, huyo dada aligeukia foleni akawaambia, "Nyinyi mngoje, ama muende kwa wale wa upande ule. Na sitaki kelele." Hakuna aliyeondoka. Akafungua program ya kufufua mafaili yaliyofutwa, akaichomeka card yangu, na foleni nzima ikaegemea kaunta kutazama skrini kana kwamba ni fainali ya mpira.

Vitu vikaanza kufufuka.

Wa kwanza alikuwa mbuzi. Mbuzi mweupe, amepigwa picha mbele, nyuma, ubavuni, hadi meno.

"Huyu ni wako?" Wambui akauliza.

"Simjui."

Ikaja kwaya imesimama mbele ya kanisa la mabati. Siijui. Akaja mbuzi tena, safari hii na mtoto. Ndipo nilipoelewa kwamba ile card niliyouziwa barabarani kama mpya, ikiwa ndani ya plastiki yake, ilikuwa na maisha yake kabla yangu.

Jamaa mmoja nyuma akasema, "Mzae, bibi hajapatikana lakini umepata mbuzi. Anzia hapo."

Foleni ikacheka. Nami nilicheka, wallahi, huku machozi yakiwa yamefika karibu.

Faili ya Nekesa ilifufuka pia, lakini jina tu. Ukiibonyeza, kimya. Wambui alijaribu na program nyingine, akavaa earphone, akaivua.

"Ngoma zimeandikwa juu yake. Pole sana, boss. Hakuna mtu bibi yako alikuwa amemtumia hii kitu?"

Nilikuwa sijafikiria. Alikuwepo mtu mmoja. Mama yake.

Nekesa alimtumia mama yake ileile rekodi, akamwekea iwe ringtone, kwa sababu mama naye alikuwa hasikii simu. Ile simu ya mama ilikuwa yangu zamani, nilimpa nilipopata nyingine. Haina Bluetooth. Ina infrared tu, ile ambayo simu mbili lazima zitazamane, karibu kabisa, bila kitu katikati, mpaka faili imalize kupita.

Mnaanza kuona tatizo? Wale ambao hawaoni, niwaeleze.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Mjini wengi wameacha. Mama hajaacha, na mimi siwezi kuwa wa kwanza. Nekesa ndiye aliyekuwa akikaa katikati yetu, anapeleka maneno huku na huku. Tangu aondoke, tumekuwa tukisalimiana kwa simu, salamu fupi.

Mama ni mpishi katika nyumba moja Kitisuru. Anaishi SQ, nyumba ya wafanyakazi nyuma ya hiyo nyumba, chumba kimoja na dirisha moja. Jumapili baada ya kanisa nikaenda. Nikasimama nje, mgongo ukutani, kando ya dirisha. Yeye ndani, kwenye kiti, upande wa pili wa ukuta huohuo.

"Mkwe, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Sauti yako imekonda."

Nikamweleza yote, mpaka mbuzi. Kwenye mbuzi alicheka. Kisha nikamwomba anitumie ile sauti kwenye simu yangu.

"Hapana," akasema.

"Mama?"

"Nimesema hapana. Wewe uwe unakuja Jumapili. Unasimama hapo nje, mimi naipiga hapa ndani, unasikia, unaenda."

Nilidhani nimemkosea. Nikataka kuomba msamaha, ila sikujua wa nini. Kisha akasema polepole, "Juzi nilimsambazia kaka yake Nekesa kredit. Niliona ikitoka kwangu. Yeye akapata, mimi nikabaki na sufuri. Sasa na hii nikikutumia, mimi nitabaki na nini?"

Wakuu, mimi ndiye ninayejiita mtu wa teknolojia. Nilitoa jasho.

"Mama, hii si kama kredit. Ni kama picha ya studio. Wanakupa yako, wanabaki na yao."

"Studio iliyonipiga picha ya harusi iliungua."

Nikafikiri tena. "Mama, ukimfundisha mtu kupika chapati, wewe unasahau?"



"Nilimfundisha yeye," akasema. "Alikuwa anaziunguza."

"Hata kwangu aliziunguza."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula zote."

Nikasikia simu ikiwekwa kwenye kizingiti cha dirisha. "Haya. Niambie ninabonyeza wapi."

Nikaweka yangu nje, zikatazamana; ya kwake hakutaka niiguse. Mimi nikageuka nikatazama ua wa tajiri. Nikawa namwelekeza huku nikiongea na maua: mama, kitufe cha kushoto, shuka chini, shuka tena, hapo. Hiyo hapana, hiyo ni kufuta. Mama, usiguse hiyo!

Akabonyeza, simu ikagonga zege.

Ikaanza kupita. Ikafika katikati, ikakatika. Jua la mchana lilikuwa linapiga pale kizingitini, na infrared haipendani na jua kali.

"Imekatika, mama."

"Imekatikia wapi? Iko hapo katikati? Usisonge, utaikanyaga!"

Sikucheka. Nawaambia ukweli, hata mimi sikusogeza mguu.

Akaleta sinia, akalishika juu ya simu zote mbili kuziba jua. Mkono wake wote ulikuwa nje ya dirisha, karibu na bega langu, nami nimegeuza shingo mpaka inauma. Tukaanza upya. Simu yangu ikalia mlio mdogo wa kupokea.

Nikaicheza. Nekesa akasema watu washike simu, kifuniko kikaanguka, akacheka.

"Hiyo sufuria ni yangu," mama akasema kutoka ndani. "Alibeba siku ya kuolewa, hakuwahi kurudisha."

Niwape somo kabla dakika zangu za cyber hazijaisha. Kabla ya kununua kifaa kipya, angalia ulicho nacho kwenye kile cha zamani, na kiwe mahali pawili. Mkiwapa wazee simu, wakalisheni chini muwaeleze kipi kinatoka na kipi kinabaki. Mimi nilimpa mama simu na chaja, nikaondoka. Na kama kuna anayejua njia ya kutoa faili kwenye simu iende kwenye CD, aandike hapa chini kwa lugha rahisi. Wa kucheka mbuzi pia mnakaribishwa.

Sasa yaliyobaki ni machache. Mama aliliondoa sinia, akachukua simu yake.

"Na kwangu bado iko?"

"Iko, mama."

"Umeiona?"

Nisingeweza kuiona bila kuingiza kichwa dirishani.

"Nipigie," akasema.

Nikampigia. Ndani ya kile chumba Nekesa akaanza kuita: shika simu jamani, kuna mtu anangoja. Kifuniko. Kicheko. Tena kutoka mwanzo. Nikangoja mama ashike, aseme iko, tumalize. Hakushika. Iliita mpaka yule mwanamke wa mtandao akaja kuniambia mteja hapatikani.



"Piga tena," mama akasema.