Bonde Alilolificha Mwanahistoria wa Rumi

Usiku ule nililala nimeridhika na nafsi yangu, jambo linalonitokea mara chache. Nilikuwa nimemaliza sura ya mwisho ya kitabu nilichoagizwa kuandika, historia ya vita vya kikosi chetu kule milimani, na asubuhi ningempelekea mkuu wa kikosi. Aliniomba jambo moja tu: lile shambulio la bondeni, lililowamaliza vijana wengi, niliguse juu juu. Nikaandika kwamba kikosi kilivuka bonde salama.

Usingizini nikajikuta darasani kwa Mwalimu Shomari, aliyetufundisha habari za Warumi wa Konstantinopoli, wale waliosema Kigiriki, na wanahistoria wao, waliofuatana na majeshi na kula chungu kimoja na majemadari. Tulimzika masika yaliyopita. Alivaa sweta lake lile lile, vumbi la chaki mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Mtu huyu hakuwahi kuiacha shikamoo ya mwanafunzi ipite bure.

Alifuta ubao, na ubao ukawa ukuta wa mwamba. Tunatembea bondeni sasa, katikati ya nyumbu wenye mizigo na askari wa Kirumi waliovaa deraya za chuma. Mbele yetu mzee mwenye ndevu anaandika huku amepanda nyumbu. Mawe yanaporomoka kutoka juu, kisha mishale. Watu wanalia kwa Kigiriki, lugha nisiyoijua, na kila neno nalielewa. Mzee haachi kuandika. Nachungulia alichoandika: jeshi limepita salama, kaisari ashukuriwe.

"Alitaka kumfurahisha kaisari," Mwalimu anasema. "Baadaye jemadari mwingine akakisoma kitabu hiki. Ndivyo walivyojifunza vita, kwa kusoma. Akaleta jeshi lake hapa hapa."

Na kweli linakuja, linakanyaga wafu wa kwanza. Deraya sizioni tena. Naona magwanda ya kijani, ya kwetu. Nyuma kabisa yupo Idi, mdogo wangu wa mwisho, aliyeingia jeshini juzijuzi tu, anacheka kama kawaida yake. Nataka kumwita arudi. Sijawahi kuogopa namna ile.

Mwalimu ananishika bega. Mkono wake ni wa baridi.

"Kitabu si cha mkuu wako, mwanangu. Ni cha atakayepita."

Nikaamka, simu inalia. Kumeshapambazuka.

"Shikamoo, kaka." Ni Idi.

"Marahaba, marahaba," nikaitikia mbio mbio.

"Tumepangiwa safari ya milimani. Jumatatu tunavuka lile bonde unaloliandika. Wakubwa wanasema halina neno. Eti, likoje?"

Karatasi zilikuwa mezani, nimeshazifunga vizuri kwa ajili ya mkuu. Nikaanza kuzifungua kwa mkono mmoja.

"Kaa chini, Idi," nikamwambia. "Na wenzako waite, wasikie."